Kipimo Kitupu

Jumanne, 4 Machi 2025

Asubuhi mke wangu Adongo alikuwa akipiga ile sonata yake kwenye piano. Alifika katikati ya sehemu ya polepole, akanyamaza ghafla. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbilia sebuleni.

Kumbe hajakwama. Ameinamia laptopu, miwani kwenye ncha ya pua, anachungulia skrini kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Akaniuliza, bila kugeuka, kama miaka ile yote niliyosoma prufu, nikisaka makosa kabla kurasa hazijachapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji niliwahi kuona nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi.

Nikamwambia nafasi tupu nyingi nilizoziona zilikuwa makosa ya mtu fulani.

Akasema mmh. Ile mmh yake ya kutokubali.

Uji umeungua chini. Tumeunywa hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike mambo yalivyo, nisije nikayachanganya.

Hii sonata Adongo ameipiga tangu akiwa msichana kule mtaa wa Makongeni, babake akiwa fundi wa reli. Kitabu ni kile kile, kimeshonwa upya na gundi imekuwa nyeusi. Aliyeitunga ni Mjerumani mmoja aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Sisi hapa nyumbani tunamwita Mjerumani tu, kama jirani.

Sasa Elsie, binti yetu aliye Kisumu, kamtumia mamake zawadi ya siku ya kuzaliwa: picha za karatasi ambazo Mjerumani aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Ziko kwenye maktaba huko Ulaya, na mtu yeyote anaweza kuzitazama. Elsie kaongeza na picha za chapa ya kwanza kabisa, iliyotoka Mjerumani akiwa bado hai. Kitabu cha Adongo kimefuata chapa hiyo.

Tatizo ni hili. Muziki umegawanywa vipimo — Adongo huwaambia wanafunzi wake kila kipimo ni chumba, unaingia, unakaa, unatoka. Kwenye chapa, sauti inashuka, inashuka, halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi mara moja. Kwenye mwandiko, kabla wimbo haujarudi, kuna chumba kimoja zaidi. Ndani hakuna kitu. Hakuna noti, hata alama ya kunyamaza hakuna. Kitupu.

Je, ni kimya alichokitaka? Au ni karatasi iliyobaki tu?

Adongo amekitazama kipimo hicho siku tatu. Jana usiku ndotoni alitamka kitu kwa Kijaluo, nikasikia "pod" — bado.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa niliketi na mwandiko peke yangu. Mimi sisomi muziki, lakini karatasi nazijua. Mjerumani alikuwa akipiga mistari ya vipimo kwa rula kabla ya kuandika, ukurasa mzima kwa mpigo mmoja. Inaonekana wazi, wino wa mistari una rangi nyingine. Kwa hivyo akifika mwisho wa ukurasa na noti zimeisha, chumba kinabaki. Hakuna la ajabu. Mpiga chapa aliliona hilo, akakiruka.

Hiyo ndiyo hoja yangu na ni hoja nzuri.

Lakini hapa hakuna anayesoma ila mimi, basi niseme na lingine. Nataka kiwe karatasi iliyobaki. Nataka hivyo sana.

Agosti iliyopita Adongo alipata kiharusi. Kidogo, walisema madaktari. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono ukarudi. Ila mara moja moja jambo linamtoroka — jina, neno, mstari wa wimbo. Kwenye ibada ya Krismasi alikuwa kwenye piano, ubeti wa tatu, akasimama. Mikono juu ya vibonye, haiendi. Waimbaji wakaendelea bila piano, kwa nguvu, wakijaza kanisa zima kwa upendo. Yeye akashusha mikono mapajani akakaa hivyo mpaka mwisho. Hajapiga kanisani tena.

Sasa mtu kama huyo akinyamaza katikati mbele ya watu, nani atasema ni Mjerumani?

Jumatatu, 10 Machi

Jacky kaja. Alifundishwa na Adongo hapa hapa sebuleni tangu akiwa hafikii pedali, na sasa ana wanafunzi wake mwenyewe huko mtaa wa Umoja. Yeye na wenzake wa zamani wametayarisha alasiri ya kumheshimu mwalimu wao, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, kwenye ukumbi wa kanisa Makongeni. Obonyo atashika maikrofoni. Obonyo ndiye kiongozi wa kwaya yetu, sauti yake haihitaji maikrofoni.

Jacky alisema Mwalimu akae tu mbele apokee maua. Akipenda, apige wimbo mfupi wa kitabuni. Hakuna presha.

Adongo alimmiminia Jacky chai ya pili, polepole, halafu akasema atapiga sehemu ya polepole ya sonata. Yote.

Jacky akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimetoa hoja yangu. Nilivaa hata shati la kola. Nikamwonyesha rangi za wino, rula, mwisho wa ukurasa. Adongo alisikiliza vizuri, mkono shavuni. Nilipomaliza akauliza: na kwenye kurasa nyingine, ambapo vyumba vimebaki kweli, Mjerumani alifanya nini?

Nilikuwa nimeliona hilo. Nilitumaini yeye hakuliona. Kwenye kurasa nyingine anavikata kwa mstari wa kulazwa — tii! — ili mpiga chapa ajue hakuna kitu. Hiki hakukikata.

Nikasema labda alisahau. Watu husahau.

Neno likanitoka kabla sijalishika. Adongo hakukasirika. Alinipapasa kola akasema basi, tufuate chapa, chapa nayo ina heshima yake. Akarudi kwenye piano akapiga bila ule mwanya.

Nilitarajia kupumua. Badala yake nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka hii yote ya ndoa: wimbo unarudi haraka mno. Kama mtu anayemkatiza mwenzake aliyetaka kulia kidogo.

Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Tulikwenda soko la Burma kula nyama, sisi wawili. Zamani tulikuwa tukienda kila mwisho wa mwezi, nywele zake zikinuka moshi mpaka Jumatatu. Tulipata meza karibu na ukuta. Tukingoja, nikaona vidole vyake vinatembea juu ya meza — najua ni sehemu gani, bega la kushoto hushuka kidogo. Vikashuka, vikashuka, halafu mkono ukainuka hewani ukakaa pale.

Kijana wa kuhudumu akaja mbio akidhani anaitwa. Akauliza mama anataka nini.

Adongo akatazama mkono wake kama si wake. Akasema ugali mwingine.

Nimecheka mpaka jirani wa meza ya pili naye akacheka bila kujua kwa nini. Tulibeba ugali nyumbani kwenye karatasi. Lakini nikiandika sasa sicheki. Amekubali chapa kwa mdomo. Mkono wake haujakubali.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata nakala ya tatu.

Adongo alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa natafuta tu, kwa tabia ya kazi. Mtu akisoma prufu miaka thelathini haachi. Kwenye maktaba nyingine, mji mwingine, kuna nakala iliyoandikwa na mwanafunzi wa Mjerumani. Mwandiko safi wa mtoto wa shule. Na pembeni, kwa wino mwekundu, masahihisho. Nimelinganisha herufi na ule mwandiko wa kwanza: mkia wa g, nukta zinazoruka. Ni yeye mwenyewe. Alipitia kazi ya mwanafunzi wake, ukurasa kwa ukurasa, kama mwalimu yeyote.

Ukurasa ule upo. Chumba kipo. Mwanafunzi ameandika ndani yake alama ya kunyamaza, na juu yake ile alama kama jicho, ambayo Adongo husema maana yake ni "usiondoke bado". Na kando, mwalimu amesahihisha noti moja mstari wa juu kwa wino mwekundu. Moja tu. Chumba chenye kimya amekipitia akakiacha.

Basi. Si karatasi iliyobaki. Mpiga chapa ndiye aliyekosea, na dunia nzima ikamfuata.

Ingekuwa kazini ningeita watu waje waone. Nimefunga laptopu, nikaenda kufunga bomba la nje ambalo halikuwa likivuja.

Jumatano, 19 Machi

Sijamwambia.

Asubuhi amefanya mazoezi ya mkono, kukanda donge la unga, mia kwa kulia, mia kwa kushoto. Anahesabu kwa sauti. Akipotea hesabu anaanza upya bila kunung'unika. Nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo.

Kama simwambii, atapiga kama alivyopiga maisha yake yote na hakuna atakayejua. Watu watapiga makofi, tutakula keki, tutarudi nyumbani.

Kama simwambii, nitakuwa nimefanya nini?

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anachambua sukuma wiki kwenye ngazi za nyuma, nikaketi ngazi ya chini yake.

"Mama Elsie," nikasema, "kuna nakala ya tatu."

"Najua," akasema. "Elsie alinitumia Jumapili, na nikaona kwenye laptopu umeifungua. Nilikuwa nangoja nione utakaa nayo mpaka lini."

Akaendelea kutoa mishipa ya majani. Mimi nikaona aibu ya mtoto wa darasa la pili. Nikamweleza yote — kwamba naogopa, kwamba akinyamaza watu watadhani ni kama Krismasi, kwamba sitaki kumwona akishusha mikono mapajani tena. Nilisema maneno mengi kuliko ninavyosema kwa mwezi.

Aliweka kisu chini.

"Baba Elsie, ile Krismasi kimya hakikuniuma. Nilikuwa ninautafuta ule mstari, na ulikuwa unakuja. Kilichoniuma ni vile nyote mlivyokimbilia kukiziba."

Na mimi niliimba siku ile. Niliimba kuliko wote.

Akaokota kisu, akasema hajui kama atathubutu. Kujua ukweli ni jambo moja, kukaa ndani yake mbele ya watu ni jambo lingine. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema nioshe hizo sukuma.

Jumapili, 23 Machi

Mambo mapya. Ameniambia nitamfungulia kurasa siku hiyo. Nikasema sijui kusoma muziki. Akasema ndiyo maana: wanaojua hufungua mapema kwa kiburi.

Amechora kile kipimo kwenye kitabu chake kwa penseli, kidogo sana, pembeni mwa ukurasa, mistari miwili na jicho juu. Kwa penseli, akasema, ili aweze kubadilisha mawazo.

Tumefanya mazoezi mchana kutwa. Mimi nasimama kushoto kwake, natazama kidevu chake, akikitikisa, nafungua. Mara ya kwanza nilifungua kurasa mbili. Mara ya pili niliangusha kitabu juu ya mikono yake. Alicheka mpaka akaegemea piano. Mara nyingine alifika kwenye chumba chake akanyamaza, nikahesabu moyoni. Pumzi mbili. Mara nyingine alipita moja kwa moja. Sikuuliza.

Nina miaka sitini na saba na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona uso wake akipiga. Siku zote huwa nakaa nyuma, natazama mgongo. Anauma mdomo wa chini. Nani angejua?

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeanza kwa nguvu. Mtaa wetu wa Buruburu mzima ni matope na stima zilipotea saa mbili.

Nilipokuwa naweka kitabu kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya kesho nikafungua ule ukurasa. Penseli imefutwa. Imebaki alama tu ya raba, karatasi imechubuka kidogo.

Basi ameamua. Atafuata chapa.

Nimekaa na kitabu mapajani. Nilidhani nitafurahi. Wiki tatu zilizopita hili ndilo nililolitaka.

Amepiga nguo yangu pasi, ile ya makaa. Akaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Tumerudi. Amelala. Naandika haraka kabla picha hazijanitoka.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wake wa miaka yote, wengine na mvi, wengine na watoto mgongoni. Mvua juu ya mabati, kubwa, ikapungua, ikarudi. Jacky alipiga, wenzake wakapiga. Obonyo akamwita Mwalimu kwa sauti ya kuamsha waliozikwa Lang'ata. Watu wakasimama wote. Adongo alivaa lile gauni la bluu. Akatembea mwenyewe. Aliukataa mkono wangu, lakini kidogo tu, kwa kiwiko.

Alianza. Sijui kueleza muziki. Ilikuwa kama anasimulia jambo kwa mtu mmoja chumbani. Kidevu, nafungua. Kidevu, nafungua. Hata mtoto aliyekuwa akilia nyuma alinyamaza.

Tukafika kwenye ukurasa ule. Sauti ikashuka. Ikashuka. Niliona mahali palipochubuliwa na raba. Nikajiandaa wimbo urudi mara moja.

Haukurudi.

Mikono yake ilikuwa juu ya vibonye, haigusi. Pumzi moja. Mbili. Nikasema moyoni, ni chumba, amekiingia. Tatu. Nne. Hapo sikujua tena. Mazoezini zilikuwa mbili! Hakuwa akiuma mdomo wa chini. Mvua tu juu ya bati. Mtu akakohoa. Mstari wa pili mama mmoja akaanza kumnong'oneza mwenzake, na kwa pembe ya jicho nikamwona Obonyo, mtu mwema kuliko wote, anainuka na maikrofoni. Najua alichotaka. Angeanzisha wimbo, na ukumbi wote ungeimba, na ingekuwa Krismasi.

Nikamwonyesha kiganja. Hapo hapo, mbele ya watu wote. Kaa.

Akakaa nusu, nusu amesimama.

Adongo akageuza kichwa akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya ukurasa. Lile jicho lake sikulielewa. Lingeweza kuwa nisaidie. Lingeweza kuwa umeona? Sikutikisa kichwa, sikusema, sikuonyesha kidole kwenye mstari. Nilisimama tu pale pamoja naye. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo.

Halafu akarudisha macho, na wimbo ukarudi. Laini sana. Kama mtu anayefungua mlango akijua ndani kuna aliyelala.

Alimaliza yote. Hakukosea popote, au kama alikosea mimi si wa kujua. Watu walilia. Obonyo alilia kwenye maikrofoni, tukasikia sote. Jacky alinivuta pembeni, macho mekundu, akauliza kama Mwalimu alisahau pale katikati au ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia amuulize Mwalimu. Hakumuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Walimpa maua akayapokea kama mtu anayepokea mtoto wa jirani.

Njiani alilala begani kwangu. Nami sikuuliza.

Jumapili, 30 Machi

Hatukwenda kanisani, miguu yake imevimba kidogo. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Alikuwa mchangamfu, akakumbuka majina ya wanafunzi wote wa jana, mmoja mmoja, na nani alimzaa nani. Jina la Jacky tu lilimpotea kwa muda, akaliita "yule wetu" mpaka likarudi.

Elsie kapiga simu. Jacky alikuwa amemtumia video. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mamake anaweza kusikia: Baba, alifuata mwandiko au alipotea? Nikasema sijui. Akasema si ulikuwa umesimama hapo hapo kando yake. Nikasema ndiyo, nilikuwa hapo hapo.

Akaniambia nimuulize, kwa sababu kama alipotea, daktari anafaa kujua. Hapo ana hoja. Nimemwambia nitamuuliza leo.

Sasa ni baada ya chai ya saa kumi. Mimi niko kwenye meza ya kulia, Adongo ameketi kwenye piano bila kitabu, bado na kanga begani. Nilifungua mdomo kuuliza, naye akaanza kupiga. Ni sehemu ile ya polepole. Naandika huku nasikiliza.

Anakwenda taratibu kuliko jana. Amepita mahali pa kidevu cha kwanza. Cha pili.

Inashuka.

Amenyamaza. Mikono iko juu.

Pumzi mbili zimepita. Amegeuka, ananitazama mimi. Watoto wa nyuma wanacheza mpira kwenye matope, mtu anaita jina la mtoto. Swali la Elsie liko ulimini mwangu. Bado ananitazama, na mimi naweka kalamu chini niende nisimame kando yake.